Kidonge Hiki ni cha Kundi Gani? Jinsi ya kutenganisha dawa za sonona, vipumbaza na vichangamshi kabla hujameza

Mama mmoja alifika dirishani kwangu na kimfuko cha kitambaa, akakimwaga juu ya kaunta. Zikatoka karatasi tatu za vidonge, mbili zimekatwa kwa mkasi hata majina yakabaki nusunusu. "Mwanangu," akaniambia, "hizi zote ni dawa za mawazo. Wewe nitajie tu ipi ya usiku na ipi ya mchana."

Nikazigeuza moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa escitalopram, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), aliyoandikiwa yeye mwenyewe wiki mbili nyuma. Ya pili ilisomeka "zepam" na namba 5, na bado nilijua ni diazepam, mabaki ya marehemu mumewe. Ya tatu ilikuwa methylphenidate ya mjukuu wake mwenye tatizo la umakini, na mama alikuwa akijimegea asubuhi anapoamka na mwili mzito. Escitalopram alishaiacha siku ya nne. "Hiyo haina kazi," akasema. "Hii ndogo ndiyo dawa. Naimeza, nusu saa haipiti, moyo umetulia."

Nina miaka 14 kwenye dirisha la dawa, na maneno hayo nimeyasikia kwa vinywa vingi. Kinachonisumbua ni kwamba mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa anapima dawa kwa kipimo ambacho kila mtu anakijua: nimemeza, nimepata nafuu, basi ni dawa. Kwa maumivu ya jino kipimo hicho kinatosha. Kwa dawa za ubongo kinampeleka mtu kwenye kidonge kinachoweza kumfunga, na kinamfanya atupe kile ambacho kingemponya.

Majina ya vidonge nayaacha kama yanavyoandikwa kwenye boksi, ili uweze kulinganisha herufi na ulichonacho mkononi.

Kwanza uliza saa

Kabla ya kuuliza kidonge kinatibu nini, uliza kinaanza kazi lini. Hapo makundi matatu yanaachana yenyewe.

Kipumbaza kinapunguza kasi ya ubongo, na kinafanya hivyo ndani ya dakika au ndani ya saa moja hivi. Pombe ni kipumbaza. Diazepam, lorazepam, alprazolam na clonazepam ni vipumbaza, na phenobarbital pia, ingawa ni dawa halali ya kifafa. Vyote hivi vinaitia nguvu kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kama breki. Morfini, kodeini, tramadol na heroini hupita mlango mwingine lakini huishia chumba kile kile: usingizi, akili kulegea, na pumzi kupungua. Neno kipumbaza halina maana kwamba dawa imetengenezwa kuleta huzuni. Linasema kasi imeshuka. Hata hivyo, anayekunywa pombe kila siku ili asahau huzuni, mara nyingi huzuni yake huzidi, na hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Kichangamshi nacho kina haraka, ila kinakimbilia upande wa pili. Kafeini, nikotini, mirungi, amfetamini, methylphenidate na kokeini wote wako hapa, ijapokuwa nguvu zao zinatofautiana kama kibiriti na moto wa msituni. Kafeini huziba masikio ya ubongo usisikie adenosini, kemikali inayojikusanya kadiri unavyokaa macho na kukuambia umechoka. Uchovu haujaondoka, umenyamazishwa tu. Amfetamini na kokeini huzidisha dopamini na noradrenalini, kemikali za ubongo zinazoamsha: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, njaa inakata, mtu anajiona anaweza yote. Kisha dawa inaisha, na anaporomoka chini ya pale alipokuwa mwanzo.

Dawa ya sonona haina haraka hata kidogo. Siku ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma, au usingizi kuvurugika, na furaha usiione. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 2 na ya 4, na nguvu kamili huenda ikachukua wiki 6 hadi 8. Jambo hili lina siri ndani yake. Dawa kama sertraline na fluoxetine huongeza serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, inayopatikana kati ya seli za neva ndani ya saa chache tu, lakini mgonjwa hapati nafuu siku hiyo. Ndiyo maana usimwamini anayekuambia sonona ni tangi la serotonini lililopungua, ujaze upone. Kuna kazi ya polepole inayofuata, seli zikijizoesha hali mpya, na kazi hiyo haiharakishwi kwa kumeza viwili badala ya kimoja.

Kwa hiyo mama yule alikuwa amempima mkulima kwa kipimo cha mfanyabiashara wa siku. Diazepam ilimlipa jioni ile ile. Escitalopram ilikuwa bado inapanda mbegu.

Alama nyingine ni hii: mtu asiye na sonona akimeza sertraline hapati raha yoyote ya kumfanya arudi kuitafuta. Tazama Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili: diazepam imo, amfetamini imo, methylphenidate imo. Sertraline, fluoxetine na amitriptyline hazimo. Ila usije ukaliweka kundi zima nje ya hatari. Amineptine, iliyouzwa kama dawa ya sonona, iliongezwa kwenye orodha ya mkataba huo mwaka 2003 kwa sababu ilikuwa inachangamsha na watu walikuwa wakiitumia vibaya. Tianeptine kwa dozi kubwa hugusa mlango ule ule wa morfini, na imewatia watu uraibu. Bupropion, wako wanaoisaga na kuivuta puani, na huishia kupata degedege.

Kisha soma mkia wa jina

Chukua boksi, acha jina kubwa la kampuni, tafuta jina dogo lililoandikwa chini yake. Jina linaloishia kwa -zepam au -zolam ni kipumbaza. Linaloishia kwa -triptyline ni dawa ya sonona ya kizazi cha zamani. Mkia wa -oxetine mara nyingi ni dawa ya sonona: fluoxetine, paroxetine, duloxetine.

Sasa weka kidole chako hapa: citalopram, diazepam. Tamka tena taratibu. Pram, pam. Ni herufi moja, r, inayotenganisha dawa ya miezi na dawa ya nusu saa. Nimeona watu wawili wa nyumba moja wakimeza cha mwenzao kwa sababu ya herufi hiyo, tena usiku, taa zimezimwa. Na mikia nayo hudanganya: atomoxetine inaishia kama fluoxetine, lakini ni dawa ya tatizo la umakini. Clomipramine, dawa ya sonona, na chlorpromazine, dawa ya magonjwa mengine ya akili, huchanganywa hata na macho yaliyozoea. Mkia ukupe dokezo, uthibitisho utoke kwa mfamasia.

Usikate karatasi ya vidonge katikati ya jina. Ukitaka kubeba vichache, kata upande usio na maandishi, au acha boksi likusindikize.

Jambo jingine dogo ambalo limevunja mioyo bure: kukutwa na amitriptyline hakumaanishi una sonona. Kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 10 au 25 usiku, huandikwa kwa maumivu ya neva na kuzuia kipandauso. Nimewahi kumwona binti akilia mbele yangu kwa kudhani daktari amemficha ugonjwa wa akili, kumbe alikuwa anatibiwa miguu inayowaka moto.

Nilichojifunza nilipoacha yangu

Nimetumia sertraline. Miligramu 50, kila asubuhi, karibu na mswaki. Mwezi wa tano nilikuwa nimerudi kuwa mzima: nalala, nakula, nacheka na wenzangu kazini. Vidonge vilipoisha sikuchukua vingine. Sikumwambia mtu. Ningemwona mgonjwa akifanya hivyo ningemzuia, lakini nilijiona tofauti na wagonjwa.

Siku ya tatu nilikuwa nimesimama kwenye rafu, nikageuza macho kutazama dirishani, na kichwani mkapita kitu kama mshtuko mdogo wa umeme. Zzt. Nikageuza tena, zzt. Usiku ndoto zikawa kali kama filamu. Nikawa na kizunguzungu na hasira za kuwashwa bila sababu. Nilikaa kwenye stuli nyuma ya makabati nikijiuliza kama nimekuwa mraibu, mimi ninayewaambia watu kila siku kwamba dawa hizi hazileti uraibu.

Sikuwa mraibu. Uraibu una kutamani, una kuongeza dozi ili upate kile kile cha jana, una kuitafuta dawa hata inapokuharibia nyumba na kazi. Mimi sikuitamani sertraline hata kidogo. Mwili ulikuwa umeizoea na nikauondolea ghafla. Kwa watu wengi hali hiyo hupita ndani ya wiki chache, kwa wengine huchukua muda mrefu zaidi, na mtu asidharauliwe anaposema anateseka. Paroxetine na venlafaxine ndizo zenye sifa mbaya zaidi hapa, kwa kuwa hutoka mwilini haraka. Fluoxetine hutoka polepole, kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kuiacha mara nyingi ni kwepesi. Nilirudi kwa daktari wangu, tukarudisha dozi, nikakaa nayo hadi miezi 6 ilipopita tangu nipone, maana ukiacha mapema sonona hurudi kwa urahisi. Ndipo tukaanza kushusha kidogo kidogo.

Ukisahau dozi moja, meza ukikumbuka siku hiyo hiyo. Kama karibu unafikia ya kesho, iache. Usimeze mbili kufidia.

Kuacha diazepam au pombe ni habari nzito zaidi, na hapa naomba usome taratibu. Mtu aliyezoea kipumbaza kila siku kwa wiki nyingi, akikikata ghafla, ubongo ambao breki yake imeondolewa unaweza kulipuka kwa degedege. Mnywaji wa kila siku anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kuona visivyokuwepo na kuweweseka, na hali hiyo inaua. Arosto ya kipumbaza si ya kufungiwa mtu chumbani "aizoee". Apelekwe hospitali, dozi ishushwe kwa ratiba. Anayeacha kichangamshi chenye nguvu kwa kawaida hulala mno, hula mno, na huzama kwenye huzuni nzito. Degedege si hatari kuu kwake. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa naye, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuja siku hizo.

Michanganyiko inayonikosesha usingizi

Kipumbaza juu ya kipumbaza ndicho ninachokiogopa kuliko vyote. Pombe kidogo, diazepam moja, tramadol kwa ajili ya mgongo: kila kimoja peke yake mtu amekizoea, na vyote vitatu vinabonyeza breki ya pumzi kwa pamoja. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo lake zito kabisa liandikwe kwenye dawa za jamii ya morfini na za jamii ya diazepam, kwamba zisichanganywe ila pale pasipo njia nyingine. Mtu huyo utamkuta anakoroma kwa mlio wa kugugumia, haamki ukimwita na kumbana, midomo inabadilika rangi, pumzi zinakuja mojamoja. Usimwache "alale imuishe". Ita msaada wa dharura, mlaze kwa ubavu, kaa naye uhesabu pumzi. Zikikata, anza kumsaidia kupumua kama unajua, au fuata maelekezo ya uliyempigia. Naloxone, ikiwepo, hufungua pumzi iliyozibwa na morfini, heroini au tramadol. Haifanyi kitu kwa diazepam wala pombe, ila ukiwa huna hakika alichomeza, kumpa hakumdhuru.

Kichangamshi juu ya kipumbaza kina uongo wake. Watu hudhani kimoja kinafuta kingine. Havifutani. Ni kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja, na anayeumia ni moyo. Kichangamshi kinaficha ulevi, kwa hiyo mtu anaendelea kunywa akijiona mzima. Kikiisha mapema, pombe yote inabaki peke yake na yeye. Kokeini na pombe zikikutana, ini hutengeneza kemikali ya tatu, cocaethylene, yenye sumu kwa moyo.

Dawa za sonona zina mtego wao ambao wengi hawaujui, kwa sababu upo kwenye vitu vya kawaida. Serotonini ikizidi mno mwili unaasi. Anayetumia sertraline, fluoxetine, venlafaxine au ndugu zao, akiongeza tramadol ya maumivu, au dawa ya kikohozi yenye dextromethorphan, au mmea wa St John's wort unaouzwa kama tiba ya asili, au kiuavijasumu linezolid, anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kuharisha, kuhangaika, misuli ikarukaruka na joto likapanda. Hilo ni la kukimbilia hospitali saa hiyo, na boksi zote mkononi. Kundi la zamani liitwalo MAOI, kama phenelzine, ndilo kali zaidi: kati yake na dawa nyingine ya sonona hutakiwa siku 14 za kupumzika, na ukitoka kwenye fluoxetine kwenda kwake, wiki 5. (Kundi hilo lilizaliwa kwa bahati. Iproniazid ilikuwa ikijaribiwa kwa kifua kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wahudumu wakaona wagonjwa wanachangamka kupita kiasi cha nafuu ya mapafu yao.)

Dawa hizo za serotonini pamoja na ibuprofen, diclofenac au aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Mwambie mfamasia unatumia nini hata unaponunua dawa ya kichwa.

Na amitriptyline na wenzake wa kizazi cha zamani zikizidi zinavuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo zikae juu, zimefungwa, mbali na mtoto. Kama nyumbani kuna mtu anayezungumza kuhusu kufa, vidonge vyote viwekwe na mwingine, na apewe vya siku chache tu kwa mara moja.

Wiki za mwanzo za dawa ya sonona zinahitaji jicho la ndugu, hasa kwa aliye chini ya miaka 25. FDA iliweka onyo hilo mwaka 2004 kwa watoto na vijana wadogo, na mwaka 2007 ikalifikisha hadi miaka 24: mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla nafuu haijafika. Ukiona hatulii, halali, anasema maneno ya kuaga, usimwache peke yake na mtafute daktari siku hiyo hiyo. Vilevile kama kuna historia ya vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kutolala siku nyingi bila kuchoka, kutapanya fedha, mwambieni daktari kabla ya kidonge cha kwanza, maana dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha mgonjwa huyo juu badala ya kumsimamisha.

Tulivyomaliza na kile kimfuko

Nilimuuliza mama swali la kwanza ambalo nakushauri uulize mtu yeyote mwenye kipumbaza: umemeza kwa siku ngapi mfululizo? Akasema usiku nane, kimoja kimoja. Kama angesema miezi mitatu nisingethubutu kumwambia aache, ningempeleka kwanza kwa daktari apangiwe kushusha. Nikampigia aliyemwandikia escitalopram, akakubali diazepam ikome na escitalopram ianze upya, kila asubuhi. Diazepam iliyobaki nikaipokea iende kuharibiwa pamoja na dawa nyingine zilizorudishwa. Usitupe chooni wala usimwekee jirani.

Methylphenidate tuliihesabu pamoja. Vilikuwa vimepungua sita, na ndipo akaelewa kwa nini mwalimu alilalamika wiki ile kwamba mtoto hatulii. Alinyamaza kwa muda. Tukampima presha, ikawa juu, nikamwomba aje ipimwe tena baada ya siku chache bila vidonge vya mtoto. Kisha nikampa kalamu, akaandika mwenyewe kwenye boksi la escitalopram tarehe ya siku ile, na chini yake tarehe ya wiki sita mbele.

Alirudi wiki ya tatu. "Bado, mwanangu," akasema kabla sijauliza, "moyo bado." Nikamuuliza usingizi. Akafikiri, akasema wiki ile amelala hadi alfajiri mara mbili, na chakula cha jana alikimaliza. Nikalichukua boksi, nikamwonyesha tarehe ya pili aliyoiandika.